Redio Iliyomlilia Shangazi

Juzi fundi mmoja wa mtaa wa Chanji alinionyesha taa inayowaka mkono ukiikaribia tu. "Mwili unausumbua umeme hata kabla hujagusa, mwalimu," akasema.

Nikakumbuka utotoni, alasiri tuliyotoka kumzika mdogo wangu. Nyumba ilinuka ulezi uliochachuka, na redio ya baba ilipiga yowe kila mara shangazi aliposogelea waya wake wa antena.

"Inamjua mchawi," nikasema.

Baba akamgeukia dada yake. "Umesikia? Hata chuma kinakukataa!"

Shangazi alijifunga khanga, akaondoka, asirudi tena. Hakuna mtu mzima aliyeusogelea waya ule kujipima mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeusogelea asubuhi, redio ikanililia vilevile. Nikanyamaza, nikiamini kwamba tulikuwa wachawi wawili.