Mzima Haendi India

Kule Mutuini, pembeni mwa Nairobi, ukimwambia mtu unaenda India, hakuulizi unaenda kuona nini. Anakuuliza kama ni figo au ni moyo. Mtu mwenye afya yake huenda Mombasa akaogelee, na akijaliwa huenda Dubai akapige picha za kuwaringia wenzake. India ni ya wagonjwa. Hilo watu wamekubaliana bila kikao, na Mukonyo mwenyewe alikuwa amekubali.

Alikuwa na sababu. Miaka minne iliyopita alimpeleka mumewe, Mutie, akatibiwe Chennai. Walikaa huko wiki saba, na Mutie akarudi ndani ya sanduku. Tangu hapo Mukonyo, karani katika wizara moja pale mjini, akawa ndiye mtu wa kuulizwa. Yeyote kutoka Dagoretti Corner hadi Mutuini aliye na mgonjwa wa kusafirisha hutumwa kwake, naye humwekea chai na kumpa maarifa. Beba unga, maana wali utakula mpaka uuchukie. Beba sweta, wodi zao zina baridi ya friji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiitie kwenye mzigo, ishike mkononi. Tuktuk usipande kabla hamjapatana bei. Wengi walikwenda wakarudi wazima, wakaja kumshukuru na kuku. Alifurahi nao kwa dhati, halafu wakishaondoka akaosha vikombe huku analia.

Sasa mwaka huu, ofisini, watu wakaanza kupanga likizo za Desemba mapema, kama kawaida ya watu wa serikali. Mmoja alikuwa anaenda Zanzibar na mke wake, mwingine Istanbul, na mwingine alikuwa haendi popote lakini alijua bei za kila mahali. Ndipo Ivyne, msichana wa masjala, akamgeukia Mukonyo.

"Madam, wewe si umekaa India? Huko kuna nini poa ya kuona?"

Mukonyo akatafuta cha kumtajia. Wiki saba nzima, na alichokijua kuhusu India ni foleni ya dawa, harufu ya dettol na ukuta uliokuwa mbele ya dirisha la wodi. Bahari ilikuwa karibu sana na hospitali. Mutie alikuwa akiwauliza wauguzi habari zake kila asubuhi, na kila asubuhi alimwambia mkewe kwamba akipata nguvu kidogo wataenda kuiona. Hakupata. Mukonyo naye hakwenda peke yake, kwani angekwenda vipi?

Swali lile lilimuuma mpaka nyumbani. Lakini kabla hajalala alikuwa ameshaamua: atarudi Chennai, safari hii kwa likizo. Ataiona hiyo bahari, na vitu vingine vyote ambavyo watu huenda kuviona. Kesho yake akamwambia Ivyne, na Ivyne akafurahi kama aliyealikwa yeye, akaanza kumwaga ushauri. Beba viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Nguo chache, uache nafasi ya vitu utakavyonunua. Omba kiti cha dirishani. Mukonyo aliyezoea kutoa ushauri alikaa akaupokea, na akajishangaa anavyocheka.

Jambo moja tu lilibaki. Tiketi alikuwa hajailipia, na hakuwa na nia ya kuilipia kabla ya kusikia neno la mama mkwe wake, Kasyoka, aliyekuwa akiishi Mwala, Ukambani. Mutie alikuwa kitinda mimba wake. Mukonyo alimpa shemeji yake Musili ujumbe aupeleke nyumbani, na moyoni akaweka nadhiri: mama akisema ni vibaya, haendi, na hatauliza tena.

Wakati anangoja jibu, akafanya kosa. Alimwambia jirani yake Selpher. Selpher ni mama wa Siaya mwenye roho safi kabisa, ila hana kifua. Na hakusema uongo wowote, alisema tu kwamba Mama Mbithi, ndivyo Mukonyo anavyoitwa mtaani, anaenda India. Mutuini ikamalizia yenyewe.

Jioni ya kwanza yakaja machungwa. Ya pili, uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Mzee wa kanisa akamtazama kwa huruma na kumshika mkono muda mrefu kuliko salamu. Mwenye duka akakataa kumuuzia chumvi, akamwambia apumzishe figo. Fundi seremala mmoja, ambaye hawajawahi kuzungumza naye, alimsimamisha njiani akamwambia damu yake ni grupu O na yuko tayari siku yoyote. Mukonyo alikana kila mahali, na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu kwa ushujaa. Hasira zilimpanda. Kisha, maana lisemwalo lipo, akaingiwa na woga kidogo, akaenda kupimwa presha kwenye duka la dawa. Ilikuwa nzuri kuliko ya aliyempima.

Jumamosi wakaja nyumbani kwake kwa maombi, sebule ikajaa hadi mlangoni. Musili naye akatokea, na nyuma yake Kasyoka mwenyewe, Mwaitu, ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, amevaa leso mbili na sweta ya kanisani. Mukonyo alipomwona alimpisha kwenye kiti chake. Alijua jibu limekuja.

Mzee wa kanisa akaanza kuomba, na alipofika kwenye figo, Mukonyo akasimama.

"Naomba mnisamehe," alisema. "Mimi si mgonjwa. Naenda kutembea. Mutie alitaka kuona bahari ya kule na hakuiona, na mimi nimechoka kukumbuka ukuta."

Selpher akajishika shavu. Musili ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa ubaya, alijibu kama mtu aliyebeba jeneza la ndugu yake na bado linamwelemea.

"Shem, mahali bro alikufia, wewe unaenda kufanya holiday? Watu watasema nini?"

Mukonyo alikuwa akimtazama Mwaitu, na Mwaitu alikuwa akitazama machungwa mezani. Mukonyo alijiambia kwamba sasa ndio basi, ataenda zake Mombasa kama watu wengine, na alihisi uchungu mkubwa kuliko alivyotarajia.

"Musili, wewe nyamaza," mama akasema hatimaye. "Wewe hukumzaa." Akamgeukia mkwewe. "Mtoto wangu aliondoka na miguu yake, nikarudishiwa sanduku. Kila usiku nafikiria hiyo mahali na sijui inafanana namna gani. Hata watu wa huko sijui kama wanacheka. Wewe unaijua. Mimi nakaa tu na giza."

Mukonyo alipiga magoti mbele yake, akaanza kumweleza, pale pale mbele za watu, kwamba wanacheka, mwaitu, wanacheka sana, na kwamba yule muuguzi wa usiku alikuwa akimwita Mutie kaka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Na hiyo pasipoti," akauliza, "inachukua muda gani kutoka?"

Mukonyo hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisema itategemea, kwanza mtu lazima awe na kitambulisho chake, na akaahidi kwamba Musili atakitafuta huko Mwala akitume.

"Kitambulisho nimekuja nacho," Mwaitu akasema.