Nepi juu ya kaburi

Leo nimeanika nepi za mtoto juu ya kaburi la watu. Msinicheke kwanza.

Tumetoka Kawangware kuja kuona magofu ya zamani kando ya Mto Tana. Mtoto akamaliza nepi zote njiani. Nikazifua, halafu nikaona kaukuta kafupi ka mawe, kamejaa jua.

Watu wa Gatina, mtaa wetu huko Kawangware, mnanielewa. Kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kamba ya nguo ni vita. Ukiona ukuta na jua, unaanika, maswali baadaye.

Mama anayetunza pale akakuja polepole. Hata hakupaza sauti.

"Mwanangu, hapo kalala mtu."

"Woi, pole mama! Nilidhani ni ukuta tu."

"Ni ukuta wa chumba chake. Kwako mgeni aanika bila kubisha hodi?"

Na vile mimi hutukana watu wakianika kwa kamba yangu ya ploti bila kuuliza!

Nikaanua mbio, naye akanisaidia kukunja. Zilikuwa zimekauka vizuri, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Kabla tuondoke nilirudi kuomba msamaha. Kaburi halina jina. Nikanong'ona tu, "Jirani, nisamehe."

Mnaonaje, inatosha?