Wamisionari Wamewaandikia Watu wa Kwao Kwamba Ninalala kwenye Banda la Kuku

Ndugu wa ukurasa huu, admin amekubali kunifichia jina, na la kanisa pia. Mimi ni mjane wa miaka 49, mama ya watoto watatu, naishi Likasi, upande wa Panda. Nafuga kuku wa mayai. Bwana yangu alipofariki nilianza na kuku 12. Leo niko nao 340, na hata asubuhi mbaya sikosi mayai 270. Sijisifu. Nataka tu mjue ni mtu gani anawaandikia.

Nyuma ya lupango langu, kiwanja changu, wanaishi wamisionari wawili, bwana na bibi, wazee kutoka Ulaya. Tunawaita Papa na Madame. Papa ana miaka 76, Madame 73, na tumepakana miaka 11. Maisha yao nayajua. Chai ni saa kumi kamili. Maji ya kunywa yanachemka dakika 20, Madame ameshika saa. Papa anatengeneza pampu ileile kila Jumanne. Kila mwisho wa mwezi Madame anaandika barua ya kutuma kwa makanisa ya kwao. Na kila Jumamosi wanapita kwenye mlango mdogo wa nyuma, wanafika kwenye banda la kuku, wanachukua plato mbili, yaani trei, za mayai, tunasali, wanarudi. Nimewakaribisha kula bukari, ugali wetu, si chini ya mara thelathini. Kila mara Papa anashika tumbo: "Dada, tumbo la mzee." Wanakaa palepale nje ya banda, na chupa yao ya maji.

Banda hilo ndiyo nyumba yangu ya kwanza, vyumba viwili vya matofali ya udongo. Nilipomaliza nyumba ya mbele, matofali ya kuchoma 7,400 na madirisha tisa, ile ya zamani nikawapa kuku.

Siku nne zilizopita binti yangu anayesoma Lubumbashi alinipigia simu.

"Mama, ni weye uyu kwa picha, mu barua ya Madame. Uko mbele ya nyumba ya kuku. Banaandika ni nyumba ya dada yao mujane. Banasema siye wote bane tunalala mule, na siku ingine tunakula yai moja."

"Yai moja?"

"Moja, Mama. Tunagawanya."

Nilicheka. Halafu akaniambia mwenzake wa darasa, aliyeikuta hiyo picha kwenye internet, alimwuliza mbele ya wengine kama ameshaoga kutoa harufu ya kuku. Hapo kicheko kikaisha.

Akanitumia hiyo picha, na siku hiyohiyo niliwakuta Papa na Madame kwenye chai yao. Madame alivaa miwani, akaangalia simu, akatabasamu. "Picha nzuri, dada."

"Madame, hii ni nyumba ya nani?"

"Ni nyumba yako."

"Na ile kubwa ya mbele?"

"Ile ni ya mwenye lupango. Yeye anayekupangisha."

Nikamwuliza huyo mtu amemwona lini. Akamtazama Papa. Papa akatazama kikombe chake.

Ndugu zangu, sikuona uongo usoni mwao, na hapo ndipo hasira ilipozidi. Kutoka bandani mpaka mlango wangu ni hatua 23. Miaka 11 hawakuzitembea, wala hawakuuliza.

Nikawaambia waandike barua nyingine ya kusahihisha. Papa akasema wamechelewa. Wageni sita wa makanisa yao wako njiani, wanafika Jumatatu. Watu wamechanga saruji na mabati. Watavunja banda langu, watanijengea "makao" palepale kwa siku nane, wapige picha, kisha Papa na Madame waondoke nao, wasirudi tena. Ndiyo zawadi yao ya kuniaga.

"Na kuku 340 nitapeleka wapi, Papa?"

"Labda umwombe mwenye nyum..."

Nikawapa njia ya katikati: wajenge, lakini wajenge banda jipya la kuku, na Papa awaambie wageni ukweli. Akatikisa kichwa. "Watu hawakutoa kwa ajili ya kuku, dada. Walitoa kwa ajili ya mjane."

"Mujane niko, Papa. Nyumba ya kulala njo nisiyokosa."

Basi yule mzee akasukuma kikombe chake pembeni. Akasema amefanya kazi hii miaka 40, na jambo hili likijulikana, kwao watasema kila walichoandika kilikuwa uongo kama huu. Madame yeye aliendelea kumimina chai. Hana haja ya kuniomba. Malaria ilipomshika mtoto wangu wa mwisho, ni yeye aliyemchukua nyumbani kwake, akamuuguza siku tano kwa mikono yake. Sijasahau, na wanajua sijasahau.

Jana Madame alikuja peke yake, kwa mlango uleule wa nyuma, akaniletea gauni. "Jumatatu, dada, usivae vitenge vyako vizuri. Na watoto wasivae viatu. Ni asubuhi moja tu." Nikamwambia aingie ndani kwanza, aone ninapolala. Akaangalia saa yake. "Siku nyingine," akasema.

Mchungaji wetu naye ameshaanza kuniita mama asiye na shukrani. Anasema mabati hayakataliwi. Nikisema ukweli mbele ya wageni, wazee wawili wanarudi kwao na aibu, kazi ya maisha yao yote imechafuka. Nikinyamaza, wanangu watabaki kwenye picha zao, watoto wa kugawana yai moja, wa kulala na kuku, hata siku mimi nimekufa.

Gauni liko mezani. Lina kiraka mgongoni, kimeshonwa kwa mkono, uzi bado mpya. Nimekifumua nione. Chini yake hakuna tundu.

Nishaurini, Jumatatu nivae nini?