Taa ya Wifi Chumbani Kwangu

Admin, nifiche jina. Wifi yangu hayumo humu, lakini mashoga zake wamo tele.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtu wa Mombasa, naishi Plano hapa Texas, kazi yangu kutunza wazee. Mume wangu alifariki, na dada yake ndiye jirani yangu, uzio mmoja. Eda nilikaa yote, hakuna aliyenisikia na neno. Ilipoisha, mtu mmoja wa heshima zake akapeleka posa kwa mjomba wangu. Wee! Wifi kusikia tu, akapachika taa nyuma ya nyumba yake, ungedhani ya uwanja wa mpira, akaielekeza dirisha langu la chumbani. Nikamwendea kwa adabu: "Wifi, silali, na alfajiri naenda kazini." Akanijibu, "Hiyo ni nyumba ya kaka yangu. Nataka nimuone anayeingia."

Nikatundika blanketi dirishani, wapi! Macho mekundu, nimekonda, kazini waniuliza kama naumwa. Nikaulizia, nikaambiwa mji huu una sheria, taa yako haifai kumulika kwa jirani. Nikawapigia simu watu wa halmashauri ya mji, nikaomba nisitajwe.

Inspekta wao akaja magharibi, taa imeshawaka. Nilichosahau ni hiki: wifi hajui Kiingereza, na mkalimani wake tangu afike Marekani ni mimi. Hospitali mimi, benki mimi. Akaniita pale uzioni, "Njoo unisemee!"

Nikasimama baina yao. Inspekta akauliza taa hii ni ya nini. Wifi akanitazama usoni, akasema, "Mwambie jirani yangu malaya, alikuwa akingoja kaka yangu afe." Wallahi nilitafsiri neno kwa neno. Yule mzungu akauliza, "Jirani yupi?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akaitazama taa, akalitazama dirisha langu. Kisha akasema leo amwonya kwa mdomo tu. Akirudi baada ya wiki mbili aikute taa vile vile, ni kortini.

"Asemaje?" wifi akauliza.

Nikamwambia, "Asema taa nzuri, iache hapo hapo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo haizimi hata mchana. Wiki moja imeshapita, blanketi bado liko dirishani, na mimi nalala fofofo.

Ndugu zangu, niambieni. Nimweleze ukweli, au nimwache akatafute mkalimani mwingine mbele ya hakimu?