Mahadhi ya kasida yetu niliyatoa kwenye picha ya Kihindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa ukurasa huu, na ninyi msio Waislamu hamjambo? Wakubwa shikamooni. Natumaini mmeamka wazima, na wagonjwa wenu wana nafuu. Admin, naomba unifiche jina, na kijiji usikitaje, sema tu Newala. Hapa mniite Mama Saidi, ingawa sina mtoto wa jina hilo. Nina miaka hamsini na tatu, ni mjane, niliishia darasa la saba, nalima korosho na mihogo. Nikikosea kuandika mnisamehe.

Mimi ndiye kiongozi wa kasida wa akina mama hapa kijijini, mwaka wa kumi na nane huu. Maneno tunatunga wote, mahadhi natoa mimi. Watu wakiniuliza nayapata wapi, nasema, "Yananijia tu nikiwa shambani." Shehe wetu aliwahi kusimama kwenye maulidi akasema Mungu amenijalia kipaji, msikiti mzima ukaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Ndugu zangu, hayakunijia shambani.

Nimekulia Masasi. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani barazani kwa Mhindi mmoja, na mke wa mwenye duka alikuwa na redio ya kanda. Nikitoka shule nakaa chini karibu na mlango wake, anaweka nyimbo za picha za zamani, ananieleza kila moja inasema nini. Siku moja aliniambia, "Huyu dada mzuri anayeonekana kwenye picha anachezesha mdomo tu. Mwenye sauti yuko pembeni, humwoni. Na aliyepanga filimbi na ngoma humwoni vilevile." Nilishangaa sana, mtu aweze kuliza nchi nzima na asionekane hata ukucha! Yule mama ndiye aliyenifundisha kusikiliza: mwimbaji anavuta pumzi wapi, filimbi inamsubiri vipi amalize ndipo iingie. Mpaka leo nikizisikia zile sauti mwili unasisimka, na huwa nawaombea wale watu wasiojulikana, wazima na waliokufa.

Kasida yetu kubwa, ile ya kumsifu Mtume, ambayo hata wanaume wanafuta machozi, mahadhi yake ni wimbo wa mke anayemngoja mume ambaye hatarudi. Niliutia maneno yetu mwaka aliofariki mume wangu. Nilitafuta sauti ya kulilia, sikupata nyingine.

Sasa juzi Jumapili asubuhi tulikuwa watano kwa jirani, tunabangua korosho. Mwanawe kamletea flashi ya picha za zamani, akaiwasha tuchangamke. Mara wimbo ukaanza. Ule ule. Mikono yote ikasimama. Mama Hadija, mpiga dufu wetu na rafiki yangu wa siku nyingi, akanigeukia: "Mama Saidi! Hii si ile yetu?"

Sijui ulimi ulipata wapi. Nikasema, "Wametuiga hao."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mhindi atoke kwao aje Newala akuibie wewe?" Mwenye nyumba akamjibu, "Asije kwa nini? Korosho si wanabeba, washindwe kasida?" Wakacheka mpaka maganda yakamwagika. Mama Hadija peke yake hakucheka. Akatazama televisheni, akanitazama mimi. "Picha yenyewe haina hata rangi. Walikuiga ukiwa hujazaliwa?"

Njiani akanishika mkono. Hakupaza sauti, bora angenipigia kelele. Akasema, "Dada yangu, miaka yote hii natia udhu, nakaa nakupigia dufu, kumbe ni wimbo wa mapenzi? Na shehe ameshaanza kuwafundisha watoto wa madrasa kasida hiyo hiyo. Alhamisi baada ya alasiri atakuja nao mazoezini kwetu. Umwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na usinichukie."

Shehe akipita barabarani najificha jikoni, mtu mzima mimi, kama nimeua. Jumamosi tumealikwa maulidi Tandahimba, na kasida waliyoiomba kwa jina ni hiyo. Naogopa atatuzuia, na wenzangu kumi na mmoja waaibike kwa kosa ambalo hawakulijua. Naogopa wale waliolia siku za misiba yao watasema niliwachezea. Na kubwa zaidi namwogopa Mungu. Nikisujudu, badala ya tasbihi inakuja filimbi. Jana nimerudia adhuhuri mara tatu.

Najua wapo watakaosema, mbona mahadhi ya Kihindi yamechukuliwa na wengi huku pwani, kuna ubaya gani? Sawa. Lakini hao hawakusimama msikitini wakaitikia amina kwamba wamepewa na Mungu shambani. Mahadhi pengine ningesamehewa. Ule mdomo wangu ndio unaonitisha. Na yule mwimbaji aliyesimama pembeni asionekane, mimi nikachukua sauti yake nikapokea na shukrani zake, naye nitamjibu nini siku hiyo?

Nikisema, huenda nisiimbe tena maisha yangu yote, na mimi mjane sina furaha nyingine. Nikinyamaza, Mama Hadija atasema, nami nitakuwa nimekaa pale pale mbele ya watoto, nimebeba uongo wangu. Nimejaribu kumpigia shehe mara mbili, akipokea nakata.

Wenye elimu ya dini, na ninyi mnaozipenda nyimbo hizi kama mimi, nishaurini, nifanye nini? Nimwambie kabla ya Alhamisi tukiwa wawili, au mbele ya wenzangu wote? Leo ni Jumanne. Tafadhali nijibuni mapema, simu ninayo mkononi.