Kitanda Alichotengenezewa Daktari

Dalali waliyembandika jina la Hapa Ndipo alifungua mlango wa nyumba ya tatu siku hiyo, akajibanza pembeni kumpisha mteja wake, na akasema yale yale aliyoyasema kwenye nyumba mbili zilizotangulia: "Hapa ndipo, mama. Usijisumbue kutafuta tena."

Mteja alikuwa mama wa watoto wawili, karudi kutoka ng'ambo wiki tatu tu zilizopita. Baba wa watoto alishaanza maisha mengine huko huko, kwa hiyo uamuzi wa wapi pa kuishi ulikuwa wake peke yake. Ndugu na majirani wote walimwita Daktari. Alipita chumba hadi chumba akifungua mabomba, akiwasha na kuzima taa, akichungulia chini ya sinki. Aliuliza kuhusu shule, akaonyeshwa paa la bluu upande wa pili wa barabara. Aliuliza kama watoto wanaweza kucheza nje bila wasiwasi. Yalikuwa maswali ya mzazi makini, na yote yalikuwa danganya toto. Swali lake la kweli alilihifadhi mpaka mwisho, akalitoa kwa sauti ya mtu asiyejali sana.

"Kutoka hapa mpaka mtaa wa maseremala ni mwendo gani?"

Hapa Ndipo akanywea. "Hapo sikufichi, mama. Ni mbali. Mabasi mawili, na foleni juu yake. Lakini kama unataka karibu na huko naweza..."

"Hii inanifaa," alisema Daktari.

Dalali akabaki kinywa wazi. Tangu aanze udalali hajawahi kuona mteja anayefurahia foleni. Walikubaliana kwamba Jumamosi saa sita mchana atampitia kwa kaka yake kupokea jibu la mwisho.

Binti wa Daktari, wa miaka kumi, alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, kamshika mkono mdogo wake. Huyu binti walimwita Kipaza, maana jambo likishaingia sikioni mwake halikai. "Mama," alisema, "huku tutamjua nani?"

"Tutazoeana na majirani."

"Na Mjomba je?"

"Mjomba atakuja kututembelea."

Kipaza alimtazama mama yake, akatazama barabara, akaanza kuhesabu mabasi kwa vidole.

Tusifichane. Mama huyu hakuwa daktari. Hata muuguzi hakuwa. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: aliwaosha, akawavisha, akawalisha kwa kijiko, akawageuza kitandani kila baada ya saa mbili ili wasioze mgongo. Ni kazi ya halali na aliijua barabara. Ila siku ya kwanza alipopiga simu nyumbani alisema tu kwamba amepata kazi wodini, na kaka yake, seremala mwenye mdogo mmoja tu duniani, akajijazia mwenyewe yaliyobaki. Haikupita wiki, mtaa mzima ukajua dada yake seremala ni daktari ng'ambo.

Yeye alijipa moyo kwamba hajadanganya, hajakanusha tu. Mwanzoni alimwonea kaka yake huruma, asije akaumbuka mbele za watu. Baadaye, na hili ndilo lililomchoma zaidi, akaonja utamu wa kuitwa hivyo. Kisha mama yao akafariki na yeye akanyimwa ruhusa ya kusafiri. Wasifu wa marehemu ulisomwa mbele ya waombolezaji, na jina lake likatajwa na udaktari ukitangulia. Kaka alimtumia picha ya karatasi ile kwenye simu. Aliisoma akiwa chooni kazini, glavu mkononi, akalia mpaka mzee mmoja akaanza kugonga kengele kumwita. Kabla ya kutoka aliandika, "Asanteni kwa kunikumbuka." Baada ya hapo angeanzia wapi kusahihisha?

Ndiyo maana mpango wake ulikuwa kukaa kwa kaka siku chache, kisha atafute nyumba mbali, kwa kisingizio cha watoto. Hakujua kwamba kaka naye ana mpango.

Siku waliyofika, kaka hakuwaacha hata wanywe maji. Aliwaingiza moja kwa moja kwenye chumba cha mbele, kile kilichokuwa stoo ya mbao. Kuta zilipakwa rangi nyeupe. Rafu zilikuwa tayari, tupu, zikisubiri dawa. Na katikati kilisimama kitanda kirefu chembamba cha kupimia wagonjwa, cha mbao ngumu, kimepigwa randa na msasa mpaka mkono unateleza, upande wa kichwa unainuka kwa bawaba.

"Nilikuwa sijui vipimo vyake," kaka alisema, akijikaza asitabasamu sana. "Nikaenda hospitali nikajitia naumwa kiuno. Waliponilaza tu, nikaanza kukipima kwa shubiri. Nesi akadhani nimerukwa na akili."

Wote wakacheka. Daktari naye akacheka. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na kibao kipya chenye maneno mawili: DAKTARI YUPO.

"Vibali vinachukua muda, Kaka," ndicho pekee alichoweza kusema.

"Vichukue tu. Sisi tupo."

Watu hawakusubiri vibali. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara alikuja na mguu uliovimba. Daktari alimwambia aende hospitali wakamwangalie vizuri. Akaja mwingine na mgongo, akaambiwa hayo hayo. Wakaondoka wakimsifu. "Daktari msomi haropoki," walisemezana, "siyo hawa wetu wa kuandika vidonge kabla hujakaa." Yeye aliyasikia yote dirishani na kutamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini aibu iliyomnyima raha kuliko zote ilikuwa chumba cha nyuma. Huko alilala Shangazi, dada wa marehemu baba yao, aliyewabeba wote wawili mgongoni walipokuwa wadogo. Kiharusi kilimwangusha mwaka uliopita na hajainuka tena. Kaka na mkewe walimhudumia kwa mapenzi yao yote na bila ujuzi wowote. Walimwinua kwa kumvuta makwapa. Walimlaza chali asubuhi, na jioni walimkuta chali. Daktari aliyaona haya yote siku ya kwanza, kwa kutupa jicho moja tu. Harufu ya kidonda aliitambua kabla hajafika mlangoni. Alijua cha kufanya kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakukifanya. Alisema, "Shikamoo, Shangazi," huku kashika fremu ya mlango, akauliza hali, akaondoka. Aliogopa mikono yake. Yeyote ambaye angemwona akikunja shuka chini ya mgonjwa angejua mara moja riziki yake ilitoka wapi.

Kipaza ndiye aliyeingia. Siku moja wakati wa chakula, wifi akiwapakulia, mtoto akafungua kinywa. "Mama, Bibi ana kidonda mgongoni. Hageuzwi. Mbona wewe humgeuzi, kama ulivyokuwa unawageuza wale wazee wa kaz..."

Hakumaliza. Mama yake alimfinya paja chini ya meza, akafinya kwa nguvu, na kucha. Machozi yalimlenga mtoto, akamtazama mama yake bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa ni kosa gani kafanya.

Wifi aliweka upawa chini. Alidhani analaumiwa yeye. "Mtoto kasema kweli," alisema, kichwa kimeinama. "Tunamhudumia vile tunavyojua tu, Daktari. Utusamehe."

"Msijali," Daktari alijibu. Msijali! Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake na akajichukia papo hapo.

Ijumaa alimfuata kaka yake karakana kumweleza kuhusu ile nyumba. Kaka alikuwa anapiga randa ubao na hakusimama.

"Ina nini ambacho huku hakuna?"

"Shule iko karibu, Kaka. Ina kompyuta."

"Na kile kitanda?"

"Kitafaa siku moja."

Randa ilikwenda na kurudi mara mbili tatu. "Sawa," kaka alisema mwishoni, akipuliza maranda. "Watoto ndio wa kuangaliwa. Nitawatengenezea kabati muhame nalo." Jibu la kweli lilikuwa fupi: ile nyumba ilikuwa na watu wasiomjua. Alilimeza, akashukuru kwa ajili ya kabati.

Jumamosi asubuhi wifi alikwenda sokoni, kaka akawa karakana. Daktari alikuwa anafunga mabegi aliposikia sauti ya binti yake kutoka chumba cha nyuma. "Bibi, tunageukia dirishani. Pinda goti. Hivyo hivyo. Moja, mbili..." Yalikuwa maneno yake mwenyewe, kwa mlio wake mwenyewe, yale aliyowaambia wazee kwa miaka kumi na mmoja. Siku za likizo alikuwa akienda na mtoto kazini kwa kukosa wa kumwachia, akimkalisha kwenye kiti kwenye kona. Kumbe kwenye kona ile mtoto alikuwa anasoma.

Alikuta Kipaza kapanda juu ya kigoda, kashika ncha ya shuka iliyokunjwa vibaya, uso umeloa jasho. Shangazi alikuwa kaning'inia nusu ubavu.

"Sogea," alisema mama. "Utamwangusha."

"Basi fanya wewe," alijibu mtoto.

Akafanya. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akajaribia joto kwa kiwiko. Alianza na uso, bila sabuni, macho kutoka ndani kwenda nje. Akaosha mkono mmoja, akaukausha, akaufunika, ndipo akaufunua wa pili, ili mgonjwa asihisi baridi wala asijione yuko uchi. Alimgeuza kwa kumshika bega na nyonga, shuka chafu akaikunja kwa urefu mpaka mgongoni, safi akaifuatisha nyuma yake, akamrudisha, akavuta, kazi ikaisha bila Shangazi kuinuliwa hata kidogo. Kidonda alikisafisha taratibu. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Aliweka mto katikati ya magoti.

Shangazi alizungumza kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. "Umewaosha wangapi?"

"Wengi, Shangazi."

"Kabla yangu."

"Ndiyo. Kabla yako."

"Mikono yako inajua," alisema Shangazi. "Na wiki tatu umesimama mlangoni."

Hakukemea. Alisema tu kama mtu anayetaja kilichotokea, na hapo ndipo Daktari alipoona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, aibu ya kushindwa kuinua macho mbele ya mtu asiyeweza hata kujigeuza. Aliendelea kukausha vidole vya mguu mmoja mmoja kwa sababu hakujua afanye nini tena.

Aliposikia hatua, alijua ni kaka. Nyuma ya kaka alisimama Hapa Ndipo, kofia mkononi, kafika kabla ya saa yake. Daktari hakugeuka.

"Kaka, kile kitanda cha mbele nakitaka huku. Hiki ni cha chini mno, anayemwosha ataumia kiuno."

"Kile si cha wagonjwa wako?"

"Sina wagonjwa. Mimi si daktari, Kaka. Sijawahi kuwa. Kazi yangu ilikuwa hii unayoiona."

Dalali aliitazama kofia yake.

"Hata siku moja?" kaka aliuliza.

"Hata siku moja."

Kaka aliitazama shuka iliyotandikwa bila kunyanzi, akamtazama Shangazi aliyelala ubavu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Miguu ya kile kitanda niikate?"

"Usiikate. Urefu ule ndio wenyewe."

Wakakihamisha, kaka upande mmoja, Hapa Ndipo, masikini, upande wa pili. Kisha kaka alichukua ngazi na bisibisi akatoka nje. Daktari alimfuata, akashika ngazi, maana ilikuwa inayumba.

Muuza duka alitoa kichwa dirishani. "Fundi, mbona mnang'oa kibao? Daktari anahama?"

Kaka alikuwa na skrubu kati ya meno. Akazitoa. "Haendi popote," alijibu. "Mbao yenyewe mbovu hii. Nilikosea mimi."

Ingeweza kuishia hapo. Haikuhitaji hata uongo wa Daktari, ilihitaji anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako.

"Mbao haina ubovu wowote," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani, uso ukimwaka. "Mimi si daktari. Huko nilikuwa naosha wazee."

Watu wawili waliokuwa wananunua waligeuka. Muuza duka aliutazama mguu wake. "Na huu wangu?"

"Nilikwambia uende hospitali."

"Nikadhani unajishusha!"

Mtu mmoja alicheka. Kicheko hicho kilimfika, na akajua kwamba kesho atakisikia tena, na keshokutwa, mlangoni mwa duka hilo hilo. Kaka aliteremka, kibao kwapani, akapita karibu naye bila kumtazama.

"Sasa mama," Hapa Ndipo alinong'ona, "ile nyumba?"

"Ni nzuri," alisema. "Mpe mtu mwingine."

Saa mbili baadaye ulifika wakati wa kumgeuza Shangazi upande wa pili. Kipaza alisimama upande wa kichwani kushika mto. Mama yake alipokunja shuka, kaka aliingia, akanawa mikono, akasimama upande wa pili wa kitanda alichokitengeneza. Bado hakumtazama dada yake. Aliweka mkono begani kwa Shangazi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nishike hapa?"