Mkasi wa Janeth na Gauni la Shadya

Sabra alikuwa na kijiba cha roho, tusimfichie. Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi pale sokoni Mkuyuni, na Janeth wa mlango wa pili alifundishwa na yeye mwenyewe, tangu alipoteremka kutoka milimani hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Sasa wateja walimpita Sabra wakaenda kwa Janeth huyo huyo, ambaye kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, na hiyo adabu nayo ilimkera.

Kisa ni semina. Janeth alikwenda mjini Morogoro kwenye semina ya mafundi, akarudi na mambo ya Kijapani ya kupanga sehemu ya kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Cherehani kibovu akauza, mabaki ya vitambaa akagawa. Ukutani akapigilia ubao wa bluu, akachora umbo la kila kifaa kwa rangi nyeupe: hapa mkasi, hapa futi kamba, hapa rula. Nguo za wateja akazitundika kwenye bomba, kila moja na kikadi chenye jina na siku ya kuchukuliwa. Hata asiyejua kusoma angeona kipi kipo na kipi hakipo.

"Hili duka au wodi?" Sabra aliwauliza wateja. Wakacheka naye, kisha wakaingia kwa Janeth.

Sabra yeye mambo yake yote yalikuwa kichwani. Nguo zilirundikana juu ya meza, chini ya meza na kwenye kiti cha wageni, na ole wake anayezipanga. Zamani alijua kweli kila kitu kilipo. Siku hizi mteja akija, Sabra anafukua mpaka jasho linamtoka, halafu anamwambia arudi kesho.

Jambo moja tu lilimliwaza. Binti yake Shadya alikuwa anaolewa mwezi unaofuata, na gauni la ndoa angelishona mama yake. Alishatangaza soko zima. Siku hiyo watu wangeona fundi ni nani, na Janeth awe miongoni mwa wageni, akodoe macho. Kitambaa, lesi ya rangi ya maziwa, Shadya alishakileta, na kwa hesabu yake kilikuwa humo humo kwenye rundo. Asubuhi ile Shadya alipopiga simu kuulizia, Sabra alimjibu, "Nimeshakata, mwanangu, wala usiwe na wasiwasi." Hakuwa amekata. Shadya akasema haya, mama.

Mchana, mke wa Benedikto, mteja wake wa miaka na miaka, akapita na kitambaa kwapani, akakipeleka kwa Janeth bila hata kugeuza shingo. Janeth alipotoka kwenda kununua vifungo, Sabra aliingia mle ndani, akachomoa mkasi ubaoni, akauficha kwenye khanga na kurudi zake. Acha ahangaike. Autafute mpaka jioni, na yeye aonje.

Janeth hakutafuta chochote. Aliporudi alisimama mlangoni pake, akatupia ubao jicho, akaja moja kwa moja kwa Sabra.

"Mama Shadya, ukimaliza na ule mkasi, nauomba."

Hakununa wala hakuhoji, na Sabra angependa zaidi kutukanwa. "Nilikuwa nakatia uzi tu," akasema. "Naurudisha mwenyewe, sina shida na mkasi wako."

Akaenda, akautundika mahali pake. Alipogeuka, bega lake likagusa nguo kwenye bomba. Lesi ya rangi ya maziwa. Gauni lilishakatwa, kifua kilishaungwa, na kikadi kiliandikwa Shadya.

"Umeingia kwangu ukachukua kitambaa," Sabra alisema.

"Alikichukua mwenyewe, mama." Janeth alishusha sauti. "Ulikuwa umekaa pale unashona. Alifukua mbele yako, akakitoa, akaniletea. Alisema siku utakayouliza kiko wapi, nikuambie na nikurudishie ushone wewe. Nimekaa nasubiri uulize."

"Lini?"

"Kabla ya Idi. Mwezi mzima sasa."

Sabra akakaa kwenye benchi la wateja. Mkasi wa Janeth ulikosekana kwa muda wa kununua vifungo tu, ukajulikana. Kitambaa cha mwanawe kilikosekana tangu kabla ya Idi, na asubuhi ile yeye alikuwa amekikata kwa mdomo. Akashika mshono wa kifua akautazama. Ulikuwa mzuri, na wivu ukamchoma upya, maana ulikuwa mshono aliomfundisha yeye.

Akampigia Shadya. Kabla hajasema neno, binti aliuliza kwa upole, "Nije kupima, mama?"

Kumbe mtoto alikuwa bado anamfichia aibu. Angeweza kujibu kwamba bado kidogo, na Shadya angesema haya, kama alivyosema asubuhi.

"Njoo," Sabra alisema. "Ila usije kwangu. Njoo kwa Janeth. Mimi niko hapa, nitakushikia pini."

Upande wa pili Shadya akaanza kulia. Sabra akamwacha alie, simu ikiwa sikioni, akamnyooshea Janeth mkono ampe pini.